Hapo Tu

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapata nguvu, Chiriku alikuwa ameshainama juu ya baiskeli ya viti viwili, akirudisha mnyororo mahali pake. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini kwa jinsi alivyopenda kuongea, hata mwalimu wake wa darasa la sita alimwita hivyo.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa kijiji. Wageni walikuja wawili wawili: wachumba, maharusi, wazee wanaokumbuka siku ya ndoa yao. Waliendesha baiskeli wakicheka, walishinda bwawani na ndoano bila kupata hata kidagaa, na zaidi ya yote walipanda kilima kwenda kuona maporomoko ya maji. Aliyewapandisha ni mama yake Chiriku, asubuhi mara moja na mchana mara moja, Jumamosi na Jumapili, mwaka wa nne sasa.

Njia ya kilimani ilifyekwa na wanawake kumi na mmoja, mama yake akiwamo, kwa mapanga waliyotoka nayo majumbani mwao, msimu ule mvua ilipobomoa daraja la njia ya zamani. Ubao wa nyumba ya wageni haukusema hivyo. Ulisema, kwa rangi nyekundu: MATEMBEZI YA WAWILI. MAPOROMOKO, DAKIKA ISHIRINI TU. Meneja aliupima mwendo huo kwa pikipiki, tena akaishia pale pikipiki inaposhindwa. Kwa miguu ni saa moja na nusu.

Kijiji kizima kilijua. Lakini mgeni akiuliza, "Ni mbali?" kila mtu alijibu, "Hapo tu." Muuza nyanya alisema hapo tu, fundi viatu alisema hapo tu. Waliona kumwambia mtu kuwa safari ni ndefu ni kumvunja miguu kabla hajaianza.

Jumamosi hiyo Chiriku aliongozana na mama yake safari ya asubuhi, akiwa amebeba kapu la chakula cha maharusi wawili ambao hawakuacha kupigana picha. Waliporudi, kifundo cha mguu wa mama kilikuwa kimevimba. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akakitazama kama mtu anayetazama mlango uliogoma kufunguka.

"Mwanangu, wa saa nane wapandishe wewe," alisema. "Njia unaijua. Uwafikishe na uwarudishe."

Chiriku alitaka kusema kwamba mabega yanamuuma na magoti hayamtii. Akautazama tena ule mguu, akaenda kuwangoja wageni.

Wageni wa saa nane walikuwa bibi mmoja mwenye kofia ya manjano na mumewe, mwalimu mstaafu.

"Shikamooni," Chiriku alisema.

"Marahaba, kiongozi wetu!" Mwalimu alijibu. "Miaka arobaini huyu bibi ananitembeza mimi sokoni. Leo ni zamu yangu kumtembeza."

"Kunitembeza au kunizika?" Bibi alisema, wakacheka wote wawili. Mkononi alikuwa na chupa moja ndogo ya maji.

Walitembea polepole. Jua lilikuwa bado kali. Walipofika kwenye jiwe la nusu ya njia, Chiriku alihisi miguu yake imekuwa si yake.

"Bado mbali, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza.

"Hapo tu, bibi. Fuateni njia, hamwezi kupotea. Mimi nitawasubiri hapa."

Wakaenda. Chiriku akakaa kivulini. Akaona heri akasubiri nyumbani, akateremka. Akaona heri ajinyooshe kidogo kwenye mkeka, mama akiwa jikoni hajamwona. Usingizi ukamchukua na viatu miguuni.

Aliamshwa na sauti ya meneja ikigomba uani kwao. "Saa kumi na moja hii, Mama Chiriku! Wageni wangu wako wapi?"

Mama alimgeukia binti yake. Alichukua dumu la maji, akajifunga kitambaa kwenye kifundo, akaanza kupanda. Chiriku alimpokea dumu, akamfuata nyuma huku akisikia kila hatua mama anavyovuta pumzi kwa maumivu.

Waliwakuta mbele ya lile jiwe, mwendo wa nusu saa. Bibi alikuwa ameketi chini, midomo imekauka, misuli ya mguu imekaza kama kamba. Mumewe alikuwa akimpepea kwa ile kofia ya manjano.

"Kizunguzungu," mwalimu alisema. "Kila akisimama anaanguka."

"Kidogo kidogo, mama," mama yake Chiriku alimwambia bibi, akimnywesha. "Usimeze kwa pupa." Akalowesha kitambaa, akamwekea shingoni, akaukanda ule mguu mpaka ukalegea.

Bibi alifumbua macho, akamwona Chiriku. "Hapo tu yako, mjukuu wangu, ina miguu mirefu."

Chiriku alimpa bega lake ajiegemeze.

Walimteremsha wakimshika huku na huku. Kwenye jiwe la nusu ya njia walimkuta meneja akihema, amesukuma ile baiskeli ya viti viwili mpaka hapo. Walimkalisha bibi kiti cha nyuma, wakaiteremsha baiskeli kwa mikono hadi uani mwa nyumba ya wageni.

Bibi alipokwisha kulazwa chumbani na kupata nafuu, meneja alisimama mbele ya mama. "Kazi ya kuongoza wageni basi. Mtu mzima unawaacha wazee wa watu porini?"

Mama, amechoka mno, alijishikiza ukutani. Mwalimu alisogea. "Ngoja, bwana. Sisi tulisoma ubaoni dakika ishirini. Ndiyo maana tukabeba chupa moja."

Meneja akageuka kuutazama ubao. Chiriku aliona nafasi hiyo wazi kabisa. Angenyamaza tu, lawama yote ingeuangukia ubao, na ubao kweli ulikuwa mwongo. Nani angejua? Lakini mama yake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Si mama," alisema. "Mama aliniambia niwafikishe na niwarudishe. Nilichoka, nikawaambia hapo tu, nikaenda kulala. Nisamehe, babu."

Mwalimu alimwekea mkono begani.

Mama akainua kichwa. "Mtoto ameshasema la kwake," alimwambia meneja. "Sasa na wewe sema la kwako. Njia hii mimi niliifyeka, naijua kila kisiki. Uliipima kwa kitu gani?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Kwa pikipiki," alisema hatimaye.

"Basi kesho tutaipima kwa miguu. Yako."

Na kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama pale akisubiri jibu, meneja alikubali. Kesho yake mama alibaki nyumbani kuuguza mguu. Chiriku alimpandisha meneja mpaka kwenye maporomoko na kumrudisha. Bwana huyo alipumzika mara tatu, na mara ya tatu aliomba maji. Jioni hiyohiyo ubao ulifutwa na kuandikwa upya: saa moja na nusu, chupa mbili za maji kwa kila mtu, safari moja tu kwa siku, asubuhi. Mama hakuondolewa kazini.

Usiku ulipokaribia, Chiriku alikaa karibu na mama yake akimenya viazi. "Bado umenikasirikia, mama?"

"Jana nilikasirika. Leo sina nguvu za kukasirika." Mama alikata kiazi katikati. "Sikiliza. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuuficha uchovu wako ndani ya maneno matamu, mwingine akaubeba juani. Ungeniambia, mama, siwezi, tungewaambia wageni waje kesho, na wasingekufa."

"Niliona mguu wako, nikashindwa kusema."

"Najua." Mama aliweka kisu chini. "Na mimi miaka minne meneja ananiuliza, 'Utaweza safari mbili?' nami najibu, hakuna shida. Mguu huu ulivimba kwa sababu ya uongo wangu, siyo wako. Kwa hiyo tangu leo, humu ndani, aliyechoka aseme amechoka. Kwa sauti. Wewe kwangu, na mimi kwa yule bwana."