Milango ya Chapwa

Saa nne asubuhi Tunduma huwa haina adabu. Malori yamepanga foleni hadi madereva wamevua viatu na kulala, wabadilisha fedha wanapunga vibunda vya kwacha mbele ya pua za watu, na akina mama wanaovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wanapigana vikumbo na mabeseni kichwani, wakisalimiana kwa Kibemba, "Mulishani, mukwai!" Hapo ni mahali pa kuibiwa simu, si mahali pa kupendwa. Lakini ndipo Loisi binti Sadoki alipopendwa, mwezi wa sita mwaka 2013, mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, mkononi ana mfuko wa chokaa.

Tone la rangi nyekundu lilimtua begani. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya kwaya, yenye kola ya nyuzi, tena ya kuazima.

"We! Huko juu kuna mtu au kuna kunguru?"

"Kuna mtu, dada," ilijibu sauti kutoka kwenye ngazi. "Kunguru angekuomba samahani?"

"Hujaniomba bado!"

"Ndiyo nateremka nije niombe vizuri."

Aliteremka kijana mrefu, brashi sikioni, suruali imeshika rangi zote za maduka ya mji ule. Aliitwa Lusubilo, mchora mabango. Alichovya kitambaa kwenye petroli, akasugua lile doa. Doa likapanuka likawa kama kiganja.

"Sasa umeniharibia kabisa," Loisi alisema, akijizuia kucheka.

"Nimeona. Itabidi nikutafutie nyingine. Nipe namba ya simu nijue saizi."

"Saizi inasomwa kwenye simu?"

"Ya kwako nitaisikia kwenye sauti."

Loisi alikuwa na miaka ishirini na saba na alishawasikia wanaume wengi wenye maneno. Namba akaitoa hata hivyo. Alipofika kwao Mbozi jioni, simu ilikuwa imeshaita mara tatu.

Chokaa ile ilikuwa ya nyumba. Watu wa kijijini waliiita Nyumba ya Mzungu, ingawa mzungu mwenyewe, mlowezi wa kahawa, aliondoka zamani na kumwachia Sadoki, nyapara wake. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza refu, bomba la moshi na sakafu nyekundu, na barabara ilipita mbele yake. Sadoki alikuwa amekwisha kufa. Alimwachia mkewe Enesi na binti yao nyumba hiyo, miche ya kahawa, na karatasi moja iliyolala kwenye sanduku la bati, yenye mipaka na mihuri ya tangu nyumba ilipojengwa. "Mtu yeyote akija na maneno," alisema siku zake za mwisho, "msigombane naye. Mwonyesheni karatasi."

Mwaka huo alikuja mtu mwenye maneno mazuri. Felista, mama wa makamo kutoka Arusha, miwani mikubwa, viatu vya matope, alitaka nyumba tatu za zamani za mashamba ya kahawa zipokee kazi za wasanii wa siku hizi kwa wiki tatu. Nyumba ya akina Loisi ilikuwa mojawapo. Mama Enesi alikubali, ila hakuelewa. Wasanii walipojaza kahawa kavu kwenye bafu la mzungu na kusema hiyo ni sanaa, alisimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Wakimaliza watatuachia hiyo kahawa?" akamnong'oneza bintiye.

Kila usiku Loisi alimsimulia Lusubilo vituko hivyo kwenye simu, na Lusubilo alicheka mpaka vocha ikaisha.

"Bebi, mwambie huyo mama na mimi nina kazi zangu."

"Kazi gani, 'Hapa Nyama Choma'?"

"Cheka tu. Njoo Chapwa uone."

Alikwenda. Chumba alichopanga Lusubilo kwenye mtaa huo wa Tunduma kilikuwa kimejaa mbao, na kila ubao ulichorwa mlango: mlango wa fundi cherehani, mlango wa muuza kachori, mlango wa kanisa dogo. Kila mlango ulikuwa na X nyekundu ubavuni, ile inayopigwa nyumba ya kubomolewa, na kwenye kila mlango watu walikuwa wanaishi zao: mtoto anaogeshwa, bibi anachambua mchele, bibi harusi anatoka. Pembeni kwenye kila picha kulikuwa na sahihi yake, L yenye mkia mrefu uliojikunja kama wa kinyonga.

"Hii yote ni mitaa yetu," alisema. "Na hapa tulipo X ipo, hukuiona? Ina miaka kumi na moja. Watu wameoana humu, wamezaa humu. X imechakaa, sisi tupo."

Loisi aliangalia zile picha hadi machozi yakamlengalenga. Hakujua kwamba mtu anayechora "Hapa Nyama Choma" anaweza kuwaona watu namna ile. Siku hiyo ndiyo aliyompenda. Kabla ya hapo alikuwa anachekeshwa tu.

Loisi ndiye aliyempeleka Felista Chapwa. Felista alizikagua mbao zote kimya, akasema, "Huyu anapata sebule nzima." Kisha akaweka sharti mbele yao wote wawili: nyumba yenye mgogoro haitaki, amekwisha kufukuzwa mahali na picha zake zikanyeshewa. Likitokea neno lolote juu ya nyumba ya akina Loisi, ataifunga. Na zile nyumba nyingine mbili zilikuwa zimeshajaa.

"Neno lipi?" Loisi alijibu kwa fahari. "Nyumba yetu ina karatasi."

Maonyesho yalipangwa kufunguliwa Jumamosi. Alhamisi kabla yake shangazi yake Loisi akazikwa Iyula, na yeye na mama yake wakaondoka alfajiri wamejifunga sweta na vitenge. Lusubilo alibaki peke yake na mbao zake na misumari. Waliporudi jioni, ukutani pembeni mwa mlango wa mbele kulikuwa na X nyekundu, mpya, na chini yake namba 47.

Loisi alicheka kwa sauti. "Umeona mbao hazitoshi, ukatupiga na sisi?"

Lusubilo alikuwa juu ya ngazi, mgongo kwao. Aligonga tena msumari uliokwisha kuzama. "Imekaa vizuri?"

"Imekaa vizuri. Ila mama akikukamata!"

"Ni ya maonyesho tu, bebi. Yakiisha nitaifuta."

Laiti Loisi angemwambia ashuke amtazame usoni! Lakini yeye alikuwa anautazama ukuta, na aliona kwamba nyumba yao imeingia kwenye picha za mtu anayempenda.

Jumamosi walijaa watu. Walikuja kutoka Mbeya, kutoka Dar, kutoka Lusaka hata, wakavinjari vyumba wakiwa na bilauri za juisi. Loisi alivaa gauni la kitenge cha Nakonde, kijani na dhahabu, lililomkaa barabara, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Lusubilo alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Watu walipiga picha mbele ya ile X ya ukutani kuliko mbele ya kitu kingine chochote.

Mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda, kofia mkononi, alisimama hapo akaikagua.

"Binti, hii nayo ni picha, au ni ya watu wa barabara?"

"Ni picha, baba. Msanii wake yule pale."

"Mbona ina namba?"

"Ndiyo usanii wenyewe huo, baba."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Lusubilo, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, aliondoka akaenda kwenye meza ya juisi.

Wiki tatu zile zilikuwa tamu, na mimi sitazipunguzia utamu kwa sababu ya yaliyofuata. Lusubilo aliitwa Dar akaonyeshe milango yake. Alinunua blauzi nyeupe, ikamtosha Loisi barabara, akadai aliisikia kwenye simu. Jioni moja, wakigeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, alimshika mkono wenye utelezi wa maganda.

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mzee Mbonile ataleta barua kwenu."

"Barua ya nini?" Loisi alijifanya hajui.

"Ya kuomba chokaa."

Alicheka, kisha akalia, kisha akamwambia mama yake. Mama Enesi alifurahi. Alisema anataka mshenga apokelewe barazani, pale pale Sadoki alipokuwa anapokea wageni.

Kwa hiyo Jumanne kabla ya Jumamosi hiyo Loisi alikuwa anapaka ukuta chokaa. Lusubilo alikuwa bado hajaja kuifuta X, kila siku ana udhuru, basi akaamua kuifuta mwenyewe. Alikuwa amepaka mkono wa pili, na wekundu unaonekana kwa mbali chini yake, likasimama gari, na nyuma yake trela lililobeba kijiko cha kubomolea.

"Dada, unapaka nini tena?" msimamizi aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. "Hamjatoa vyombo?"

"Vyombo tuvitoe twende wapi?"

"Nyumba namba arobaini na saba. Tulipiga X mwezi wa saba, tukaacha notisi. Mwenye pingamizi alikuwa na siku thelathini."

"Sisi hatukupewa notisi yoyote."

"Mlipewa. Kulikuwa na kijana hapa, ana brashi, anasema ni mtu wa nyumba. Akasaini."

Akafungua jalada, akamwonyesha. Chini ya karatasi palikuwa na L yenye mkia mrefu uliojikunja.

Loisi aliiweka chini brashi ya chokaa. Alikwenda kwenye sanduku la bati, akachukua karatasi ya baba yake, akapanda pikipiki mpaka ofisi ya watu wa barabara, chokaa ikiwa bado mikononi. Karani aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nyumba imetangulia barabara," alisema polepole. "Karatasi nzuri sana hii, mwanangu. Ungeileta kabla ya tarehe kumi na saba, tungekaa tukazungumza. Sasa mistari imeshapitishwa. Sina la kufanya."

Nje ya ofisi akapiga simu.

"Bebi! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Ulisaini."

Kwa nyuma lilisikika lori likipiga honi.

"Loisi, nisikilize. Nilijua ni kama zetu. Chapwa X ina miaka kumi na moja! Nani amewahi kubomolewa? Nikasema ni rangi tu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, Felista angefunga. Miaka kumi nachora migongo ya malori, Loisi. Ilikuwa sebule moja tu nimepewa."

"Ungeniambia, Lusu."

"Nilipanga nikuambie Jumapili. Halafu Jumapili ukawa na furaha sana."

"Hiyo notisi iko wapi?"

"Ipo. Ilikuwa mfukoni, kwenye lile shati jeupe."

Loisi alikata simu. Alikaa chini kwenye ngazi za ofisi, akalia mbele ya watu bila kujifunika. Alikuwa analilia nyumba na kumlilia mwanamume, na hakujua kilio kipi ni cha nani.

Alhamisi kijiko kilifanya kazi yake. Hakikuchukua hata saa nzima. Bomba la moshi lilianguka mwisho.

Jumamosi ilifika, kwa kuwa siku hazijali. Mzee Mbonile alikuja akitembea kutoka barabarani, koti la suti, fimbo, bahasha ndani ya leso. Alikwishaambiwa, lakini ahadi ya mshenga ni ahadi. Alisimama mbele ya lundo la matofali, akatafuta mahali pa kusimama kama mgeni, hakupaona.

"Hodi," akasema hata hivyo.

Mama Enesi, aliyekuwa anakoka moto kwenye mafiga kando ya mibuni, alijifuta mikono. "Hodi ya wapi, baba, mlango uko wapi? Karibu. Kaa hapa kwenye gunia."

Mzee akakaa. Alisema yote yanayosemwa, kwa heshima, bila kuruka. Mwisho akashusha sauti: "Kijana anakiri kosa lake. Anampenda binti. Yuko pale barabarani, amekatazwa na mila kuja na mimi, lakini miguu imemleta."

Loisi alitazama. Lusubilo alikuwa pale kweli, ng'ambo ya barabara, na lile shati jeupe, mikono imemlegea. Moyo wa Loisi ulimruka vile vile kama siku zote, na akauchukia kwa hilo.

"Mwanangu," mama yake alisema, "kama unamtaka, mimi sitakuzuia. Nyumba ni udongo. Mimi nina siku ngapi za kuishi humo? Usiniangalie mimi."

"Sikuangalii wewe, mama. Namtaka." Alilisema waziwazi, na mzee Mbonile akainamisha kichwa. "Namtaka hata sasa. Lakini kila atakaponyamaza mezani nitainuka kupekua mifuko yake. Atakuja na furaha nyumbani, nami nitauliza amenificha nini. Nitazeeka hivyo?"

Maji yakachemka, mama akatia majani.

Loisi aliichukua bahasha kwenye leso, akaona jina lake limeandikwa kwa herufi nzuri za mchora mabango. Hakuifungua. Akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

"Mzee, nisamehe kwa safari. Mwambie sahihi yake moja imetutosha."

Mbonile alikunywa chai yake yote, maana kumwachia chai mama wa watu siku kama ile ingekuwa dhambi. Kisha akashuka barabarani na fimbo yake. Loisi alimwona akimkabidhi Lusubilo bahasha, akimwambia maneno machache, na akimshika bega. Lusubilo aliitazama ile barua kwa muda. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akakifunga kifungo.

Ndipo Loisi alipogeuka. Yalikuwapo matofali mazima mengi kwenye lundo lile, na mama yake alikuwa ameshaanza kuyapanga kando, moja moja, akipangusa vumbi kwa kiganja. Akainama akamsaidia.