Bega la Kushoto

"Mume wangu, ameandika tena."

Fundi alimsogezea mumewe simu. Walikuwa wawili tu dukani, cherehani zao zimetazamana. Duka lilikuwa linakufa kabisa hadi mke alipofungua ukurasa mtandaoni akaanza kurusha picha za magauni akiwa ameyavaa mwenyewe, oda zikamiminika. Sasa pamoja na wateja akaja huyu, hana jina wala picha.

"Nyekundu imekupendeza leo. Achana na huyo mwanaume, nikutunze."

"Leo sijapiga picha hata moja," alisema mke. "Nyekundu ameionaje? Huyu mtu yuko hapa nje."

"Usiogope. Mimi nipo." Mume alichungulia mlangoni, akarudi. "Ila funga tu huo ukurasa, mama, yaishe."

"Niufunge turudi kupiga miayo?"

Basi mwanamke wa watu akaishi roho mkononi. Hata kwenda kununua uzi, mpaka asindikizwe. Mwanaume yeyote akisimama mlangoni, anakimbilia kujitupa kifuani kwa mumewe na kulia.

Mchana mmoja ujumbe wa yule asiye na jina ukaingia tena.

"Nishonee gauni, nikupe zawadi wewe mwenyewe. Vipimo hivi hapa."

Kifua, kiuno, nyonga, vyote vyake. Mwishoni yule mtu alikuwa ameongeza: "Bega la kushoto lishuke nusu inchi."

Akausoma tena mstari ule. Bega hilo hata mama yake mzazi hajui kama limeshuka. Halionekani kwa macho, mpaka upitishe futi.

"Mume wangu," aliita taratibu. "Bega langu lina nini?"

"La kushoto? Si limeshuka nusu inchi, kwani..."

Mkasi mkononi mwa mume ukasimama katikati ya kitambaa.

"Kumbe ni wewe."

"Mke wangu, nisikilize. Wanaume wanavyokusifia humo, nilitaka nijue ungejibu nini. Niliogopa utaniacha."

"Wewe uliogopa kuachwa. Mimi niliogopa kuuawa. Nikaja kulia kwako, ukanipapasa mgongo ukaniambia nisiogope."

Akainuka, akamwonyesha mlango.

"Beba cherehani yako."

"Mama watoto..."

"Nimesema beba."

Aliibeba begani, akatoka ameinama. Hakufika hata kona, simu ya mke ikatetemeka. Ni yule yule asiye na jina.

"Nisamehe."

Kwa mara ya kwanza ujumbe wake haukumtisha. Ulimliza. Alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akambloku, kisha akafungua oda ya mteja mwingine.