Mmiliki wa Tovuti ni Ng'ombe wa Mama

Kitasa kiligeuka kwa nje... kra!

"Baba mdogo?"

Nikagonga mlango.

"Baba mdogo, umenifungia!"

"Najua. Nimekufungia kwa mkono wangu. Hutoki humo mpaka jina langu lirudi!"

Wadau, hiyo ni saa saba mchana, Majengo, Moshi mjini, stoo ya ofisi ya baba mdogo Sylvanus. Dirisha lina nondo. Mabuti ya mlimani jozi kama arobaini, mahema, mifuko ya kulalia inanuka jasho la wazungu wa msimu uliopita. Na mimi Sirili na laptop yangu... chaji asilimia thelathini na moja.

Huyu ndiye aliyenilipia ada ya chuo. Leo ananifungia kama mwizi wa ndizi!

Ngoja niwape kisa.

Baba mdogo anapandisha wageni Kilimanjaro. Miaka minne iliyopita, nikiwa mwaka wa kwanza chuo, nilimtengenezea tovuti. Jina: sylvanusmlimani. Wageni wake wote wanamwandikia kupitia hapo.

Sasa jina la tovuti hulinunui likawa lako milele. Unalilipia. Muda ukiisha na hujalipia, linazimwa, halafu linaachiwa. Anayewahi, linakuwa lake.

Mimi nililipia miaka minne kwa mkupuo, nikasahau. Taarifa za kukumbushwa zilikuwa zinaenda kwenye barua pepe yangu ya chuo... na ile ilishakufa.

Tovuti ikazimika. Wageni kumi na wanne wa mwezi wa saba wanaandika, barua zinarudi.

Na siku hiyo, saa tisa kamili alasiri, jina lilikuwa linaachiwa! Akilidaka mtu mwingine, wageni wa Sylvanus wamekuwa wake.

Nikapiga simu kwenye kampuni tuliyosajilia, nikaweka spika baba mdogo naye asikie.

"Habari, unaongea na Gladness."

"Dada Gladness, niokoe. Jina letu linaondoka saa tisa."

"Naliona. Kabla ya hapo mmiliki anaweza kulirudisha. Tunamtumia namba ya siri kwenye barua pepe yake."

"Imekufa hiyo. Ilikuwa ya chuo."

"Basi atume kitambulisho. Jina lifanane na la kwenye fomu."

"Rahisi! Anaitwa Sylvanus..."

"Hapana, kaka. Hapa mmiliki ni... Malkia Mektrida."

Wadau... Mektrida ni mama yangu mzazi.

Malkia ni ng'ombe wake wa maziwa, kule Mkuu, Rombo!

Siku najaza ile fomu nilikuwa hosteli na washkaji. Nikasema hebu mmiliki awe ng'ombe, nani atasoma? Tulicheka mpaka mmoja akaanguka kitandani.

"Kaka, upo? Huyo Malkia ana kitambulisho cha taifa?"

"Ana... ana hereni ya sikioni."

"Samahani?"

"Ina namba, dada."

"Unanitania nikiwa kazini?"

Akakata.

Nyuma ya mlango nikasikia mtu anahema kama kapanda mlima bila kupumzika.

"Ng'ombe?! Sirili! Miaka minne kampuni yangu ni ya ng'ombe?!"

"Ulikuwa utani, baba mdogo."

Kwa mbali kuna mtu kaangua kicheko. Priska, binti yake. Kila nikiumbuka, huyu lazima awepo!

"Haya," baba mdogo akatulia. Utulivu ule sikuupenda. "Kuna njia nyingine. Hiyo barua pepe ya chuo. Si waliomaliza huwa wanafunguliwa tena? Wapigie. Wape namba ya cheti chako."

Aisee...

Hapo ndipo stoo ilipokuwa ndogo kweli.

Sina cheti, wadau.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Sikufukuzwa, sikufeli. Niliacha tu kuingia darasani, nikawa narekodi video za kutania watu sokoni. Mahafali? Joho nilikodi kwa mpiga picha! Mama akachinja mbuzi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa mpaka jioni, baba mdogo akatoa hotuba, akalia katikati.

Ningeanzaje kusema?

"Cheti... kipo Mkuu kwa mama."

"Nimpigie akusomee namba?"

"Hapana! Mama macho yanamsumbua."

"Mama yako yupi? Huyu anayechambua maharage bila miwani?"

Nikatikisa nondo za dirisha. Nondo za Mchaga hizo, zimechomelewa mara mbili.

Nikakaa juu ya mahema. Pembeni kulikuwa na fremu kubwa ya picha, rangi ya dhahabu, ndani tupu. Sikuijali.

Saa nane na nusu. Chaji kumi na mbili.

Imebaki njia moja: kulidaka lenyewe likiachiwa tu. Nikajaza fomu upya, safari hii jina la baba mdogo, herufi kwa herufi.

"Baba mdogo, nipe umeme hata kidogo!"

"Soketi iko huku nje. Na wewe uko huko ndani."

Saa nane na dakika hamsini na tisa... kidole kiko juu ya kitufe...

Saa tisa! Nikabonyeza!

Duara likazunguka... likazunguka...

"Samahani. Jina hili limeshachukuliwa."

Nini?! Sekunde chache tu!

Nikabonyeza tena. Kioo kikawa cheusi. Chaji kwisha.

"Sirili? Umelipata?"

Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Baba mdogo... limeenda. Kuna mtu kalidaka. Na cheti sina. Sijawahi kuwa nacho. Niliishia mwaka wa pili. Lile joho lilikuwa la kukodi. Ukitaka, niache humu humu."

Nikasikia funguo zikigongana.

Kra!

Mlango ukafunguka. Baba mdogo kasimama. Nyuma yake Priska, simu mkononi, meno yote nje.

"Wahi kubonyeza siku nyingine, bro," akasema. "Nimelidaka mimi. Nilikuwa hapa barazani, mtandao unapepea."

Nikataka kumkumbatia, nikataka kumpiga. Baba mdogo akanizuia kwa macho.

"Ile fremu umeiona?"

"Nimeiona."

"Mwezi wa tatu nilienda chuoni kwako. Nilitaka nakala ya cheti niitundike hapa, wageni wamuone mwanangu. Dada wa masijala akaniambia jina hilo liliishia mwaka wa pili. Nimetoka Dar mpaka Moshi ndani ya basi, nimepakata fremu tupu. Tangu siku hiyo nakusubiri useme mwenyewe."

"Sasa... kwa nini unifungie?"

"Kwa sababu mlango ukiwa wazi, wewe unatania halafu unaondoka."

Nikarudi ndani, nikaichukua ile fremu tupu, nikaifuta vumbi.

Priska akanionyesha fomu mpya. Mmiliki: Sylvanus. Fundi wa tovuti: Sirili Asiyemaliza Chuo.

"Futa hiyo!"

"Lete cheti, nafuta."

Jumamosi nikapanda Mkuu na jani la isale mkononi. Kwetu ukimpelekea uliyemkosea jani hilo, hana budi kukusikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako mdogo kashanieleza." Akalitazama jani, hakulipokea. "Yule mbuzi nilimlea kwa mkono wangu, Sirili."

"Nisamehe, mama."

"Nitalipokea. Lakini kuna uliyetumia jina lake bila kumuuliza. Yuko bandani. Anza na yeye."

Nikadhani anatania. Wapi!

Basi nikasimama mbele ya Malkia, jani nimelishika kwa mikono miwili. Akalinusa. Akanitazama. Akageuka taratibu... akanipa mkia.

Mama akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Umeona? Hata yeye anataka cheti!" Kisha akalichukua jani.

Mwezi wa kumi narudi darasani, mwaka wa pili, na watoto wadogo.

Jamani, utani ni ule mnaocheka wote. Ule unaoucheka peke yako wakati mwenzio anachinja mbuzi kwa furaha, huo ni uongo. Na ukishaingia humo ndani, kitasa kiko kwa nje.