Taa Mpya ya Pikipiki ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi Evaline aliosha pikipiki ya mama yake nyuma ya nyumba yao, Katubuka mjini Kigoma. Alianza na matairi yaliyoganda udongo mwekundu, akahamia kwenye injini, akamalizia na tangi, ambalo alilisugua mpaka akaona meno yake humo. Alikuwa darasa la sita, na katika mtaa mzima hapakuwa na mtoto mwingine ambaye mama yake aliendesha pikipiki. Jambo hilo alihakikisha kila mtu shuleni analijua.

Mama yake, Honorata, alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Miaka ile vita ilikuwa imewaka ng'ambo ya ziwa, na boti zilizojaa wakimbizi zilifika ufukweni karibu kila siku. Kazi ya Honorata ilikuwa kuwahudumia wajawazito na watoto wachanga pale walipopokelewa. Lakini wiki iliyopita pikipiki iliteleza kwenye korongo, na kioo cha taa ya mbele kikavunjika vipande vipande. Tangu hapo, giza likimkuta kazini alilala huko huko. Nyumbani Evaline na binamu yake Davis walikula ugali wa baba, wenye mabonge makubwa kama mayai.

Jumamosi hiyo baba alirudi kutoka sokoni Mwanga akitabasamu, kifurushi kikiwa kwapani. Alikifungua mbele ya watoto. Ndani mlikuwa na taa mpya, pana kama sahani ya wali, yenye ukingo unaong'aa.

"Leo mama yenu akienda kazini jioni, atarudi kulala kwake," alisema.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Matundu ya boliti ya taa mpya hayakulingana na vyuma vya kushikilia taa vya pikipiki. Baba akaikaza kwa waya wa kufungia kuku. Soketi yake nayo ilikataa kuingia mahali pake, kwa hiyo akaunganisha waya kwa waya. Alipowasha, taa ile kubwa ikatoa mwanga mdogo, mwekundu, kama ncha ya sigara.

"Haina nguvu," baba alisema, akijikuna kichwa. "Basi, mimi naingia zamu stesheni ya reli. Mama yenu akiamka aipeleke kwa fundi Bonifasi. Ninyi msiiguse."

Mama alikuwa amelala ndani kwa uchovu wa usiku wa jana. Evaline na Davis walikaa wakiitazama taa. Haukupita muda, Davis, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mawazo mengi, akasema, "Kama haina nguvu, si tuiongezee nguvu? Ile betri tunayowashia redio ni ya gari. Hii ya pikipiki ni kama kiberiti tu."

"Baba amesema tusiiguse."

"Tunajaribu tu. Mama akiamka akute inawaka!"

Evaline akamwaza mama yake akirudi nyumbani usiku, akicheka. Akanyanyuka, akashika upande mmoja wa betri ile nzito.

Walichomoa waya za betri ndogo na kuziunganisha na ile kubwa. Evaline akawasha. Lahaula! Taa ikalipuka kwa mwanga mweupe uliopiga ukuta wa jirani mchana kweupe. Wakarukaruka, wakakumbatiana. Davis akabonyeza honi kushangilia. Honi ikapiga yowe ambalo hawajawahi kulisikia, ikakwaruza, ikanyamaza. Wakati huohuo taa ya nyuma ikang'aa mara moja na kuzimika.

Wakabonyeza tena. Kimya. Wakarudisha betri ndogo mahali pake haraka. Honi na taa ya nyuma havikufufuka.

"Nyamaza tu," Davis akanong'ona. "Fundi ataona mwenyewe."

Saa tisa mama aliamka, akasikia habari ya taa, akavaa gauni lake jeupe. "Twende Mwanga, Eva. Leo jioni boti zinafika, na pale mapokezini kuna dada mmoja, Agnesi, anayekaribia kujifungua. Nimemwahidi nitakuwepo."

Injini ilikubali kuwaka kama kawaida. Njia nzima Evaline alikaa nyuma ya mama yake, uso ameuficha mgongoni kwake.

Fundi Bonifasi alikuwa na kibanda karibu na mafundi cherehani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mafuta meusi mpaka masikioni.

"Shikamoo, fundi," Evaline alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, sista! Lo, hii taa au ungo wa kupepetea mchele?"

Mama akacheka, akaeleza. Fundi aliigeuza taa akasoma maandishi nyuma yake. "Hii ni ya volti kumi na mbili. Pikipiki yako ni ya zamani, ya volti sita. Ni kama kumlisha mtu mzima uji wa mtoto. Hashibi, ndiyo maana haing'ai. Hilo tutaliweza." Kisha akabonyeza honi. Kimya. Akakagua taa ya nyuma. Kimya. Uso ukabadilika.

"Hili ni jambo jingine. Kuna waya umekatika ndani, labda chini ya tangi. Lazima niifungue yote."

"Itachukua muda gani?" mama aliuliza.

"Mpaka kesho, sista."

Mama alilitazama jua lililoanza kuinamia upande wa ziwa. Akaanza kuvua kofia yake ya pikipiki taratibu. Fundi akachukua spana, akalegeza boliti ya kwanza ya tangi. Akalegeza ya pili.

Evaline aliitazama ile spana. Alijua hakuna waya uliokatika. Alijua pia kwamba akinyamaza, hakuna atakayemshuku.

"Fundi, usifungue!" alisema kwa sauti iliyowashtua hata mafundi cherehani. "Waya ni nzima. Ni sisi. Tuliweka betri ya gari. Honi ililia vibaya ikafa, na taa ya nyuma ikazimika."

Mama akamgeukia. Fundi akabaki na spana hewani.

"Yebaba we!" akasema, kisha akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. "Nilikuwa nakwenda kuifumua pikipiki nzima bure! Kumbe mmeilisha taa ndogo chakula cha tembo. Zimeungua glopu na honi tu!"

Sasa kazi ikaenda mbio. Fundi akaweka glopu mpya ya taa ya nyuma, ikawaka. Akauliza ile taa ya zamani iko wapi. Mama akaitoa kwenye mfuko aliokuja nao. Kioo kilikuwa kimevunjika, lakini glopu yake ya volti sita ilikuwa nzima. Fundi akaihamishia kwenye taa mpya. Tundu lilikuwa kubwa mno, glopu ikachezacheza. Akakata pete kutoka kwenye bati laini, akamwambia Evaline aishike kwa plaizi huku yeye akiikunja. Glopu ikatulia. Akatoboa vile vyuma upya, akatupa waya wa kuku, akakaza taa kwa boliti, kisha akaiinamisha kidogo ili isiwapofue watu wanaokuja mbele.

"Washa, binti."

Evaline akawasha. Mwanga ukatoka, si mkali kama ule wa betri ya gari, lakini mweupe na mtulivu. Mafundi cherehani wakapiga makofi.

"Honi sina leo," fundi alisema. "Sista atapiga kelele mwenyewe."

Mama alimpeleka Evaline nyumbani, akaondoka kuelekea ziwani kabla jua halijazama.

Saa mbili usiku, Evaline, Davis na baba walikuwa mezani waliposikia mngurumo ukipanda kilima, na juu yake sauti ya mtu ikilia, "Piiip! Piiip! Mbuzi, pisheni!" Mwanga ukafagia dirisha. Wote wakatoka mbio. Mama alikuwa juu ya pikipiki, amekaukiwa sauti na mwenye furaha.

"Agnesi amejifungua salama," alisema. "Mtoto wa kiume, ana sauti kuliko mimi."

Walipokwisha kula, mama akamvuta Evaline karibu. "Mlifanya vibaya kugusa mlichokatazwa. Mngeweza kuungua. Lakini nisikilize. Kazini kwangu kuna mgonjwa anayenificha alichokunywa, nami namtafuta ugonjwa mwili mzima, huku yeye anazidi kuumia. Mwingine ananiambia ukweli hata kama anaona aibu, na huyo namtibu mapema. Leo ulimwambia fundi ukweli kwa wakati wake. Ndiyo maana mimi nilifika, na Agnesi hakuwa peke yake. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka."

Davis akasogeza sahani yake.

"Shangazi," alisema polepole, "wazo la betri lilikuwa langu. Na honi niliibonyeza mimi."

Mama akampakulia kipande cha samaki, mgebuka wa ziwani, kilichobaki.