Redio ya Gakiza

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tangu asubuhi bila kudondosha hata tone, na joto lilikuwa la kumfanya mtu agombane na nguo zake. Jua lilipoanza kuzama, Darlène alimfunga binti yake Malaika mgongoni, akatoka kwenda kuchukua simu aliyoiacha ikichajiwa kwa mzee Gakiza. Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi dada yake Ernestine, aliyehamishiwa Australia miaka miwili iliyopita, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka mji wa Adelaide.

Gakiza alikuwa Mrundi, fundi wa redio, hana mke wala mtoto. Kila simu aliifuta kwa shati lake kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa na mlango wa bati na nondo dirishani, maana simu za nusu ya mtaa zililala humo.

Darlène aliingia tu, mvua ikashuka.

"Mama Malaika, utaenda wapi na hii mvua? Kaa. Mi naenda kwa jirani Fidès kuomba plastiki ya kufunika mutoto."

"Mzee, we mwenyewe utalowa."

"Mi nilishalowa tangu Burundi," akacheka.

Mezani palikuwa na redio ya gari. Aliitoa kwenye gari lililopondeka huko Area 25, mjini Lilongwe, akaiunganisha na betri. Ilikuwa na kidirisha kidogo cha kijani.

"Joto kama hii inaleta vituo vya mbali," alisema. "Mawimbi inapanda juu, inagonga hewa, inashuka huku. Juzi nilishika Beira, kule baharini. Kituo ikifika vizuri, inaandika jina yake hapo." Akachukua kofuli. "Ila ikianza kusoma majina ya watu... usiitike."

Darlène alicheka. Mzee hakucheka.

"Nafunga kwa nje. Bezi ba kuiba simu banapenda mvua."

Kofuli likalia. Kak!

Redio ilikuwa ikivuma tu. Sssss... Kisha kidirisha kikawaka, herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kuandika.

ADELAIDE.

Mji wa dada yake! Darlène alivuta kiti karibu, moyo ukimcheza kwa furaha. Mwanamume alikuwa akisoma kwa Kiingereza habari za upepo. Akasita. Kimya... Kisha sauti ileile, sasa kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ikasema:

"Lévi."

"Niko," mtu akajibu, mbali.

Darlène alikauka. Sauti hiyo aliijua. Lévi alikuwa fundi cherehani wa jirani. Jumatano ya wiki iliyopita alikuja hapahapa kuchaji simu, mzima kabisa. Asubuhi wakamkuta kitandani, wa baridi. Jumamosi wakamzika.

Kibanda kikaanza kunuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Alizungusha kitufe azime. Sauti ikapungua, lakini majina yakasogea karibu. Akasukuma mlango. Akaupiga teke. Akapiga kelele hadi koo likamuuma, mvua juu ya bati ikaimeza yote.

"Ernestine."

"Niko! Niko!"

Ilikuwa sauti ya dada yake. Yenye furaha, kama ya mtu aliyeitwa na watu wake.

"Yaya... dada yangu..." Darlène alinong'ona.

"Darlène."

Kambini mtu huitika kabla hajafikiri. Siku ya kuhesabiwa, jina likisomwa ukachelewa, linarukwa, na nyumba yako inakosa unga mpaka mwezi unaofuata. Miaka sita alikuwa ameitika hivyo. Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Darlène..."

Akazidi kuuma. Kidirisha kikafutika. Kikaandika upya.

MALAIKA.

Mtoto akaamka mgongoni.

Darlène mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Jioni walicheza: mama anataja jina, mtoto ananyoosha mkono, "Niko!" Siku ya kuhesabiwa karani alicheka mpaka akampa biskuti.

"Malaika..."

Sasa redio iliita kwa sauti ya Darlène. Ileile ya mchezo.

Alimvuta mtoto mbele, akamziba mdomo. Alihisi midomo midogo ikijipanga chini ya kiganja. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshanyooka.

"Malaika!"

Mtoto alipindua kichwa. Kiganja kikateleza kwa jasho.

"Ni..."

Mlango ukafunguka. Gakiza alisimama pale amelowa chapachapa, plastiki kwapani. Aliona kidirisha. Aliona mkono wa mtoto. Hakuuliza kitu.

"Niko!" alisema yeye, kwa nguvu. "Niko hapa."

Redio ikazimika.

"Mzee! Si ulisema tusiitike?"

"Inangoja jibu tu. Haiangalie ni nani anajibu." Alikuwa akimfunika Malaika taratibu, kama anayefunga zawadi. "Lévi alipoitika nilikuwa hapa. Nilifikiri anafanya mchezo na redio." Akaifuta simu kwa shati lililolowa, akampa. "Muende. Mutoto asipate baridi."

Nyumbani Darlène alifungua simu. Ujumbe wa Ernestine ulikuwa umeingia dakika ileile alipokuwa amefungiwa.

"Mudogo wangu! Mi niko ndani ya gari, natoka kazi. Redio imeandika DZALEKA, unasikia? Na ni we njo unaniita! Nimekuitikia: Niko! Niko! Ngoja... inaita tena..."

Kisha mvumo. Sssss...

Alipiga. Hakuna. Aliandika. Tiki ikabaki moja. Hata leo ni moja.

Asubuhi Fidès alimkuta Gakiza ameketi kitini, wa baridi, mkono wa kulia umenyooka juu. Simu zote zilikuwepo mezani, zimefutwa. Redio haikuwepo.

Siku ya kuhesabiwa ikafika. Darlène alisimama mwisho wa foleni, karibu na ukuta, Malaika mgongoni. Karani alisoma majina bila kuinua macho.

"Darlène."

"Niko," alisema.

"Malaika."

Mtoto alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Karani akasubiri, kalamu juu ya karatasi. Darlène akavuta pumzi amjibie.

"Niko," akasema mzee mmoja nyuma yao, kwa lafudhi ya Kirundi.

Karani akaweka alama, akaendelea.

Nyuma ya Darlène palikuwa na ukuta tu. Shingoni alihisi tone la maji, la baridi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Zikomo, mzee. Asante," alinong'ona. Hakugeuka.