Kuku wa Siwatu Kaenda Wapi?

Kaeni. Pua futeni. Huyu ni Siwatu.

Mama yake yuko hospitali na mtoto mpya. Kesho wanarudi nyumbani.

Siwatu anamchorea mtoto kuku. Anamchora kwenye kompyuta ya Ami Kombo, ile kubwa ya mezani. Nguuu, nguuu, inakoroma.

Kuku ana mdomo mwekundu. Ana miguu mitatu.

Mara, ngurumo. Ngurrr-dum!

Kwa Bibi, ngurumo ikilia, kioo hufunikwa kanga na kila waya huchomolewa. Bibi akafunika kioo. Bibi akachomoa waya. Chap!

Mvua ikapita. Kompyuta ikawashwa. Kuku hayupo.

Siwatu alimtazama paka. Paka amelala. Alimtazama Bibi. Bibi anakuna nazi.

Akaitazama kompyuta. Nguuu, nguuu. Inakoroma kama mtu aliyeshiba.

"Nakutazama, wewe. Nakutazama."

Bibi alisema hata yeye haiamini. Kitu hakili wali, kinakoroma kwa shibe gani?

Ami Kombo aliporudi, aliuliza kama kuku alihifadhiwa. Siwatu hakuhifadhi kitu.

"Humu ndani mna ungo na mna kasha," alisema Ami Kombo. "Unapochora, kuku yuko kwenye ungo. Umeme ukiondoka, ungo unamwagika. Ukibonyeza Hifadhi, kuku anaingia kwenye kasha. Kasha halimwagiki."

Siwatu alichungulia nyuma ya kompyuta. Hakuona ungo. Hakuona kasha. Aliona vumbi.

"Nakutazama, wewe. Nakutazama."

Akachora kuku upya. Mdomo mwekundu, miguu mitatu. Akabonyeza Hifadhi.

Ngurrr-dum! Bibi huyo, mbio. Chap!

Kompyuta ikawa nyeusi tii. Siwatu akashika shavu.

Mvua ikapita. Waya ukarudishwa. Nguuu, nguuu. Siwatu akafungua kasha.

Kuku yumo. Mdomo mwekundu. Miguu, mmoja, wa pili, wa tatu.

Ami Kombo akasema basi mwizi wa kuku wa kwanza kajulikana, naye anakuna nazi. Bibi akajibu kwamba ngurumo ikirudi, waya atauchomoa tena.

Kesho yake Mama akaja na mtoto. Siwatu akamwonyesha mtoto kuku wake. Mtoto akapiga mwayo, akalala.

"Na huu mguu wa tatu?" aliuliza Mama.

"Wa akiba," alisema Siwatu.

Kabla ya kwenda kulala, Siwatu alibonyeza Hifadhi mara nyingine. Kuaminiana kutakuja taratibu.

"Nakutazama, wewe. Nakutazama."

Nguuu, nguuu.

Haya. Na nyinyi, macho fungeni.