Ng'ombe Kumi na Wawili Hawatoshi

Nyanchera na mumewe Manasseh wanaishi Nyansiongo. Wana ng'ombe watatu wa maziwa. Nyanchera hukama alfajiri na jioni. Akimaliza, huchovya chuchu za kila ng'ombe katika kikombe cha dawa. Dawa hiyo huua vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kiwele.

Siku moja Manasseh alirudi kutoka mkutano wa wafugaji na karatasi mkononi.

"Mama Esnah, wacha hiyo dawa," alisema. "Watafiti wamepima ng'ombe kumi na wawili. Wameandika hapa: hakuna tofauti ya maana kati ya waliochovywa na wasiochovywa."

"Hakuna kabisa?"

"Ndiyo hivyo. Hao wamesoma kutushinda."

Nyanchera akaacha. Wiki ya tano, Malkia, ng'ombe wao bora, alirusha teke alipoguswa. Kiwele kilikuwa kimevimba na kina joto. Maziwa yalitoka na mabonge na damu. Yote yalimwagwa.

Nyanchera alimpigia simu Celestine, daktari wa mifugo. Celestine alikuja na pikipiki yake, akamdunga Malkia sindano.

"Chuchu tatu zitapona," alisema. "Hii moja huenda ikakauka."

Nyanchera aligeuza uso. Manasseh aliingia ndani akaleta ile karatasi.

"Daktari, ni mimi nilimwambia aache. Soma mwenyewe."

Celestine aliisoma akiwa amesimama.

"Hapa kuna makundi mawili ya ng'ombe sita sita," alisema. "Katika waliochovywa, mmoja aliugua. Katika wasiochovywa, waliugua watatu."

"Watatu kwa mmoja!" Nyanchera alishtuka. "Na wanasema hakuna tofauti?"

"Watafiti huanza kwa kudhani kwamba dawa haifanyi kitu. Kisha huuliza: kama ni kweli haifanyi kitu, bahati peke yake ingeleta tofauti kama hii au kubwa zaidi mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara tano kwa mia, husema tofauti ina maana. Hapa ni zaidi ya mara hamsini. Ng'ombe ni wachache mno."

"Basi dawa haifai," Manasseh alisema.

"Hapana, mzee. Kukosa uthibitisho si sawa na kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Ukitazama shamba la chai kwenye ukungu usione mtu, utasema hakuna anayechuma?"

"Siwezi."

"Hata wataalamu wanabishana kuhusu huo mpaka wa mara tano kwa mia. Wengine wanautaka, kwa sababu unazuia watu kushangilia bahati. Wengine wanasema usiachiwe kuamua peke yake. Uliza pia: wanyama walikuwa wangapi? Tofauti ni kubwa kiasi gani? Tafiti nyingine zinasema nini?"

"Na zinasema nini?" Nyanchera aliuliza.

"Ninao utafiti mmoja wa ng'ombe mia tatu. Nusu yao walichovywa, na kati ya hao waliugua kumi na wawili. Katika ile nusu nyingine, waliugua ishirini na saba. Hapo bahati peke yake ingeleta tofauti kama hiyo chini ya mara mbili kwa mia."

Manasseh alikunja karatasi yake. Jioni hiyo, Nyanchera alipomaliza kukama, Manasseh mwenyewe ndiye aliyeshika kikombe cha dawa.

Chuchu moja ya Malkia ilikauka kweli. Zile tatu zilipona. Sasa miezi minane imepita, na hakuna ng'ombe wao aliyeugua tena. Maziwa yao yanapokelewa kituoni kila asubuhi.

Juzi, kwenye kituo cha kupeleka maziwa, Manasseh alimwambia jirani yao Obwocha, "Chovya ng'ombe wako, ndugu. Dawa hii inafanya kazi! Tazama wangu, wote wazima."

Nyanchera akacheka. "Wako ni watatu tu, Baba Esnah. Mweleze kuhusu wale mia tatu."

Manasseh alitua mkebe wa maziwa chini, akaanza kueleza upya.